Mwanafunzi Mtu Mzima Naye Anahitaji Mshauri

Juzi kwenye kipindi kimoja cha asubuhi redioni, mhadhiri wa uandishi wa habari aliulizwa kwa nini vijana wake wengi hufika mwaka wa mwisho bila kujua wanaelekea wapi. Jibu lake lilikuwa kwamba mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, anapiga kura, ana simu janja, na kila kitu kimeandikwa kwenye prospektasi. Anayetaka kushikwa mkono arudi sekondari. Mtangazaji akacheka, wakaweka muziki. Nikaizima redio, na hasira yangu haijapoa.

Usemi huo umezagaa vyuoni hadi unaonekana busara. Mimi nasema ni kisingizio cha watu wasiotaka kufanya sehemu ya kazi wanayolipwa kuifanya. Na unapotoka kwenye idara ya habari, unatia aibu zaidi.

Mhadhiri huyo akiingia darasani hufundisha kwamba habari haitoki mpaka ipite kwa mhariri. Mwandishi mwenye miaka 50, mwenye tuzo ukutani na wajukuu nyumbani, bado habari yake hurudishwa: chanzo cha pili kiko wapi? Mbona mtuhumiwa hakupewa nafasi ya kujibu? Hakuna anayemwambia mhariri amwache kwa sababu ni mtu mzima. Kazi yetu yote imesimama juu ya jicho la pili. Iweje basi kijana wa miaka 20, aliyetoka kidato cha sita kule Tunduru na hajawahi kukanyaga studio, ndiye awe mtu pekee katika fani hii asiyestahili kusomewa kazi yake kabla haijamharibikia?

Maana anachokiamua si kidogo. Shahada ya miaka mitatu inadai krediti zisizopungua 360. Kozi za lazima wote watazipita, lakini za hiari ndizo zinazomfanya huyu kuwa mtu wa redio, yule wa magazeti, mwingine wa uhusiano wa umma. Prospektasi inaziorodhesha zote kwa unadhifu. Haisemi kwamba kozi fulani haijafundishwa tangu mwalimu wake aende masomoni, wala haikuonyi kwamba ukiiruka kozi ya kamera mwaka wa pili, mwaka wa tatu utaufunga mlango wa filamu za hali halisi kwa mkono wako mwenyewe. Mambo hayo yamo kichwani mwa mhadhiri, na mhadhiri hayupo ofisini.

Alikuja kwetu, kwenye chumba cha habari, binti kufanya fildi. Ndoto yake ilikuwa kutayarisha vipindi vya redio, na kila siku alifika kabla ya wote. Lakini hakuwahi kuhariri sauti hata mara moja. Kozi zake za hiari zilikuwa za matangazo ya biashara tupu, alizochagua kwa kusikia bwenini kwamba zinapasika. Nikamuuliza mshauri wake wa masomo alisemaje. Hakuwahi kumwona. Fomu ziliachwa kwa katibu muhtasi, zikarudi zimesainiwa. Aliyesaini alikubali mpango wa masomo wa mtu asiyemjua hata kwa sura.

Na hapo sijawagusa wenye vyombo vya habari, wanaowapokea vijana hao kisha kuwatuma chai na vocha kwa wiki nane, au kuwatumia kujaza kurasa bila hata nauli. Mshauri anayejua kazi yake angempigia simu mhariri kuuliza kijana wangu anafundishwa nini. Simu hizo hatuzipati.

Wahadhiri wanasema ushauri utawadekeza wanafunzi. Nionyesheni mwanafunzi mmoja aliyeharibika kwa kuambiwa kozi gani ianze na ipi ifuate! Wengine hujigamba kwamba wao walisoma bila washauri. Wazee niliofanya nao kazi, waliopita shule ya uandishi wa habari ya TSJ kabla haijaingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003, husimulia walimu waliowajua kwa majina na kuwakalia kooni wakikosea. Huo ulikuwa ushauri, hata kama haukuwa na fomu.

Tena nchi yenyewe imeshaamua. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Ukishamlazimisha mtu apite darasani ndipo aruhusiwe kushika kalamu, huwezi tena kumwambia njia ya humo ndani ajitafutie.

Kwa hiyo wakuu wa idara, bandikeni mlangoni saa za kila mshauri, na awepo. Fomu isisainiwe bila mwanafunzi mwenyewe kukaa mbele yake. Mlango uwe wazi, maana wasichana wengi wanaogopa ofisi za wahadhiri na sababu tunaijua. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007. Nawe mwanafunzi unayejaza fomu muhula huu, usiiache kwa katibu muhtasi. Ingia, keti, uliza. Akikufukuza, mwandikie mkuu wa idara barua, na ubaki na nakala.