Mtutu Uliolainishwa Haujakarabatiwa

Majuma machache yaliyopita nilipeleka lango langu bovu kwa fundi mmoja wa vyuma hapa mtaani Tassia. Nilimkuta mzee mmoja amekaa juu ya kigoda, miguuni pake pana kitu kirefu kilichofungwa gunia. Gunia lilipofunguliwa, tuliona mtutu wa gobore, hauna kitako wala mtambo, umeliwa na kutu ndani na nje. Ulikuwa wa babu yake, alisema, naye alikuwa ameutoa kwao Kitui ili "ukarabatiwe".

Fundi aliumulika kwa tochi, kisha akaniita nichungulie. Chini ya kutu ile palisalia mifuo, yaani ile mistari iliyochimbwa ndani ya mtutu ikienda kwa kujizungusha.

"Hii mistari imekwisha," alisema fundi. "Dawa ni kuikwangua yote, tundu libaki laini kama bomba la maji. Itapiga tena."

Mzee alifurahi. Mimi sikufurahi.

Kwa upande wa ufundi, yule kijana hakukosea. Kazi ya mifuo ni kuizungusha risasi ili iende mbali bila kuyumba. Kutu ikishachimba vishimo humo, kile kitambaa kinachoivisha risasi hukwaruzwa kikararuka, masizi hunasa, na kaa dogo lililojificha laweza kuiwasha baruti mpya ilhali mwenye bunduki angali anashindilia kwa mdeki. Ndiyo maana mafundi wa bunduki wa Ulaya na Marekani wamezoea kukifungua kizibo cha nyuma na kulipanua tundu kidogo kidogo hadi vishimo vitoweke. Mtutu wa namna hiyo hupiga marisau, au risasi ya duara kwa masafa mafupi. Hata hivyo, chuma kilichokwanguliwa kimepungua unene. Huko Uingereza mtutu uliopanuliwa hivyo hauuzwi mpaka ujaribiwe upya, kwa shehena ya baruti iliyo nzito kuliko ya kawaida, katika nyumba za majaribio za London au Birmingham. Kibandani Tassia majaribio hayo angeyafanya mzee mwenyewe, kwa shavu lake. Isitoshe, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu biashara ya kutengeneza bunduki ila kwa waliosajiliwa, na bunduki yenyewe yataka cheti. Nilimweleza mzee hayo, akanitazama kana kwamba nimemtukana.

Lakini lililonikera zaidi ni lile neno "kukarabati". Kukarabati ni kukirejesha kitu katika hali yake njema ya awali. Mwenye kuikwangua mifuo haurejeshi mtutu popote. Anaunda bunduki nyingine, tena iliyo duni. Waingereza walilijua jambo hili vyema. Baada ya maasi ya askari wa India ya mwaka 1857, waliwapa askari wa Kihindi bunduki za aina ya Enfield zisizo na mifuo. Mitutu iliyokwisha kutiwa mifuo ilipanuliwa kutoka inchi 0.577 hadi inchi 0.656, ikawa laini. Mitutu hiyo haikuwa na kutu hata chembe. Iliyotakiwa ni askari asiyeweza kulenga mbali sawa na bwana wake.

Nasi hatukusahauliwa. Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890, ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika Afrika baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, na hasa zile zenye mifuo. Zilizoweza kuruhusiwa kuuzwa ni bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Wapiganaji wa Maji Maji walipowakabili Wajerumani mwaka 1905, walishika mikuki na magobore mbele ya bunduki zenye mifuo na bombomu. Wanafunzi wetu husimuliwa habari za maji ya Kinjikitile. Nadra wasimuliwe habari za ule mkataba.

Lugha yetu nayo yashuhudia. Tunalo neno mrao kwa utambi wa kuwashia baruti, gumegume kwa jiwe la cheche, fataki kwa kile kifuniko kidogo kinachogongwa, mdeki kwa ufito wa kushindilia, marisau kwa risasi ndogondogo. Mtutu wenyewe una jina la pili, kasiba, lililotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tete. Kwa ile mistari ya ndani, hata hivyo, hatuna istilahi mahususi iliyozoeleka. Mimi nimeazima "mifuo", neno la mistari na michirizi yoyote ile. Huo si ufukara wa Kiswahili. Watu hutaja walicho nacho mkononi, na walichoachiwa mkononi kilikuwa laini.

Kwa sababu hiyo mtutu wenye mifuo uliotoka Kitui ni kitu cha kustaajabisha. Uliletwa na msafara, na askari, au na mwindaji? Idadi ya mifuo na upande inakozungukia huweza kumsaidia mjuzi kubaini ulikofuliwa. Iwapo uliingia nchini kabla ya mwaka 1895, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inauhesabu kuwa mali ya kale. Kutu yaweza kuzuiwa isiendelee kula, na Makumbusho ya Taifa wana wajuzi wa kazi hiyo. Mifuo ikishakwanguliwa hairudi.

"Mwalimu," mzee aliniambia, "wewe wataka nitunze kutu. Babu yangu hakuacha pambo, aliacha bunduki."

Sikuwa na jibu jepesi. Ni kweli kwamba gobore liliundwa lipige. Nikamwuliza atapiga nini, maana uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba angependa mlio wake usikike siku moja tu, kwenye matanga yake mwenyewe.

Aliondoka na gunia lake, akiahidi kwenda kwanza kuwauliza nduguze, kisha kituo cha polisi. Fundi, aliyekwisha kupoteza kazi moja kwa ajili yangu, alinitoza lango zaidi ya tulivyokuwa tumepatana.