Nani Alisema Pikipiki ni ya Mzigo Tu?

Katika nchi yetu pikipiki imeruhusiwa kufanya mambo mawili tu: kubeba mtu au kubeba mzigo. Ukiipanda Jumamosi asubuhi hapa Remera, ukapita Giporoso, ukaupita uwanja wa ndege wa Kanombe na kuelekea Kabuga, nawe huna abiria wala gunia la viazi, kila mtu atakuuliza swali moja, kuanzia jirani hadi mama mzazi: "Unakwenda kufanya nini?" Ukijibu kwamba unakwenda Rusumo, utaangalia maji ya Kagera, utakunywa chai kisha utarudi, utaonekana una kasoro kichwani.

Ninaandika kulipinga swali hilo. Ninadai kwamba safari ya pikipiki kwa ajili ya raha, uwe peke yako au na wenzako wa klabu, ni jambo la heshima. Kwamba kijana wa Afrika Mashariki ana haki nayo sawa na mtalii yeyote. Na kwamba sisi tunaosoma Kiswahili ndio tunaopata hasara kubwa kuliko wote tunapoidharau.

Tuanze na jina. Sisi tunasema moto na motari, lakini majirani zetu wa Uganda na Kenya wanasema bodaboda. Neno hilo lilizaliwa mpakani, upande wa Busia, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha watu na bidhaa kati ya nchi hizo mbili, wakiita wateja kwa kutaja "boda", yaani mpaka. Pikipiki zilipokuja zikarithi jina. Kwa hiyo chombo hiki kimebeba katika jina lake kazi ya kuvuka mpaka. Sisi tumekifunga kamba kati ya Gisimenti na Nyabugogo, halafu tunashangaa kikitaka kwenda mbali.

Angalia pia jinsi tunavyobagua magurudumu mawili. Tour du Rwanda inapopita, shule zinatoka, watoto wanapanga mstari kando ya barabara, wazee wanapiga makofi. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na tulijivuna, kwa haki kabisa. Hakuna aliyemuuliza mwendesha baiskeli yeyote: "Unapanda kilima hiki ili umpelekee nani mzigo?" Tulielewa wenyewe kwamba vilima elfu vina utamu wake kwa mtu anayevipanda. Basi utamu huo huisha vipi pale tu injini inapowekwa?

Kuna ubaguzi mwingine unaouma zaidi. Mwaka 2007, mwaka ule ule ambao Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, waigizaji wawili kutoka Uingereza, Ewan McGregor na Charley Boorman, walipita hapa kwa pikipiki wakiwa safarini kutoka Scotland hadi Cape Town. Walikuwa na magari ya kuwasindikiza na kamera za televisheni, na walipokelewa hata na Rais. Hilo liliitwa safari. Miaka mingi kabla yao, mwaka 1934, wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London na pikipiki ya Panther yenye kibehewa cha pembeni na tela nyuma, wakavuka Sahara, na mwaka 1935 wakafika Cape Town. Hilo liliitwa ushujaa. Lakini kijana wa Kimironko akipanda TVS yake kwenda Bukoba kuliona Ziwa Victoria, hilo linaitwa uzururaji. Mzungu akizunguka, ni mtalii. Sisi tukizunguka, tumekosa kazi!

Wako Waafrika waliokataa hukumu hiyo. Mwaka 2022 Mnigeria Kunle Adeyanju aliendesha pikipiki kutoka London hadi Lagos kwa siku 41 ili kuchangisha fedha za kupambana na polio. Mwaka 2024 Mnigeria mwenzake, Ebaide Udoh, aliendesha peke yake kutoka Mombasa hadi Lagos. Yeye ni mwanamke, na hilo liwafikie wale wanaowaambia dada zetu kwamba mahali pao kwenye pikipiki ni kiti cha nyuma.

Sasa niseme juu ya raha yenyewe, maana watetezi wengi wa safari hukosea hapa. Wakiulizwa faida wanakimbilia kusema inafundisha, inakuza utalii, inaleta biashara. Hayo ni kweli, lakini anayeyatanguliza amekwisha kukubali kwamba raha peke yake haitoshi. Mimi nasema inatosha.

Chukua barabara ya Musanze. Ukishaiacha Nyabugogo na kuanza kupanda Shyorongi, kona hazikupi nafasi ya kuwaza deni wala mtihani. Mkono wa kushoto uko kwenye klachi, wa kulia kwenye mafuta na breki ya mbele, mguu wa kushoto unatafuta gia, wa kulia uko tayari kwenye breki ya nyuma, na macho yanautafuta mwisho wa kona kabla hujaifikia. Bondeni kuna joto, ukipanda kidogo baridi inaingia mikononi. Unanusa mikaratusi, kisha moshi wa kuni, kisha udongo uliolimwa jana. Ukifika Buranga unailaza pikipiki upande huu, unaiinua, unailaza upande wa pili, na kama umekwenda kwa mwendo wa adabu, hata breki huzigusi mara nyingi. Kisha, siku isiyo na mawingu, volkano zinajitokeza mbele yako moja baada ya nyingine. Abiria wa basi la ekspresi amepita njia ile ile. Mwulize ameona nini. Ameona kisogo cha mtu wa kiti cha mbele.

Najua jibu litakalokuja: pikipiki inaua. Ndiyo, inaua, na wodi za mifupa katika nchi zetu zote zinalijua hilo. Sitaki kulificha. Lakini tuulize inaua vipi. Motari wengi wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na jioni lazima wapeleke hesabu. Ndiyo maana wanakimbia, wanaendesha wamechoka, wanapenya kati ya malori usiku na mvua ikinyesha. Msafiri wa raha hadaiwi hesabu na mtu. Anaweza kusimama mvua ikianza, akalala Kayonza giza likiingia, akaenda kilomita 60 kwa saa bila kuhitaji kamera za polisi, zile tulizozipa jina la Sofia, zimkumbushe. Wahenga walisema kwenda mbio si kufika. Anayeogopa kwa dhati avae helmeti ya kufunika uso, koti zito, viatu vya kupita kifundo cha mguu, akague cheni, tairi na breki kabla ya kuondoka. Wale wanaotukataza kwa sauti kubwa zaidi huja chuoni kila asubuhi juu ya moto, helmeti imekaa kichwani kama sufuria, mkanda wake haujafungwa. Kwao hatari ni halali mradi inakwenda kazini.

Jibu la pili ni fedha: mwanafunzi anayeishi kwa buruse atazuru wapi? Pikipiki ya kawaida ya sisi 125 inakwenda zaidi ya kilomita 40 kwa lita moja ya petroli. Kutoka Remera hadi Rusumo ni kama kilomita 160. Kwenda na kurudi ni lita nane hivi, na wawili mkipanda pikipiki moja mnagawana. Wako wenzetu wanaomaliza zaidi ya hizo kwa mechi moja na sahani mbili za mishikaki hapa Gisimenti, na hakuna anayewaandikia makala.

Nafika sasa kwenye ugomvi wa wapanda pikipiki wenyewe: peke yako au na klabu? Kila upande unajiona ndio wenye dini ya kweli. Klabu ina mema ambayo msafiri wa peke yake hawezi kuyapata. Klabu nzuri ina kiongozi anayeijua njia, na mlinzi wa nyuma mwenye spana, pampu na tyubu ya akiba. Wanakwenda kwa mpangilio, mmoja kushoto, anayefuata kulia, ili kila mtu awe na nafasi ya kufunga breki. Kwenye njia panda hawaondoki mpaka wa mwisho aonekane. Mpakani faida hiyo ni kubwa zaidi. Sisi tunaendesha upande wa kulia. Ukivuka Rusumo kuingia Tanzania, au Gatuna kuingia Uganda, unahamia kushoto. Kilomita kumi za kwanza mkono unataka kurudi ulikozoea, na macho ya wenzako ndiyo dawa. Tena kuna raha ya kufika pamoja, kuvua helmeti, kila mtu akisimulia kona ile ile kana kwamba aliipita peke yake.

Lakini klabu nyingi zimegeuka gwaride. Jaketi zinafanana, honi zinapigwa, picha zinapigwa, na mji umepitwa. Watu thelathini wakisimama kwenye duka moja la chai, wanazungumza wao kwa wao, na mwenye duka anabaki kuwahesabu. Msafiri wa peke yake hana wa kuzungumza naye isipokuwa mwenyeji. Analazimika kusalimia, kuuliza njia, kuomba maji, kungoja. Watu hawamwogopi, wanamwonea huruma kidogo, na huruma hiyo inafungua milango. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mtu ajifunze barabara ndani ya klabu, kisha aende peke yake angalau mara moja kabla ya kuhitimu, na klabu yenyewe itembee kwa makundi ya watano au sita, isizidi hapo, ili iweze kukaribishwa na mtu mmoja mwenye birika moja.

Hapa ndipo hoja inapotugusa sisi wa Kiswahili. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Tunakisoma, tunakifanyia mitihani, tunachambua ngeli zake. Walimu wangu wataniwia radhi: wengi wetu tutahitimu bila kukitumia hata siku moja na mtu ambaye hana lugha nyingine ya kutuelewa. Barabara inayopita mbele yetu hapa Remera inakwenda moja kwa moja Tanzania. Tunaishi mlangoni, na mlango hatuutumii.

Nilipopata pancha karibu na Benaco, fundi alianza na Kihangaza, na kwa kuwa lugha hiyo ni ndugu wa Kinyarwanda tungeweza kumaliza hivyo. Lakini alipokuja mzee mmoja dereva wa lori, mazungumzo yakahamia Kiswahili. "Mdogo wangu," fundi akaniambia, "tyubu hii imechoka. Nizibe au nikupe nyingine?" Hakuna kitabu changu kilichowahi kusema kwamba tyubu huchoka. Akapita mtoto na dumu la maji, akanitazama, akasema, "Shikamoo." Kwa miaka mitatu nimeliandika neno hilo kwenye karatasi za mtihani, nikiwa mimi daima ndiye mdogo. Pale ndipo nilipojibu "marahaba" kwa mara ya kwanza maishani. Hata saa ilinifundisha: Kirehe ilikuwa saa tatu, ng'ambo ya daraja ikawa saa nne.

Hili si jambo dogo. Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa, ukafunguliwa tena 31 Januari 2022. Kwa karibu miaka mitatu Kabale ikawa mbali kama Ulaya. Ulipofunguliwa, malori yalirudi upesi. Je, sisi tulirudi? Au tuseme kweli: tulikuwa tumewahi kwenda? Tangu 2014 Mnyarwanda anaingia Uganda na Kenya kwa kitambulisho chake cha taifa. Kwa Tanzania beba pasipoti. Kwa pikipiki, hati zake na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA. Viongozi wamekwisha kutia saini sehemu yao. Jumuiya inayovukwa na saruji na mafuta ya kula pekee, vijana wake wakibaki nyumbani kuulizana "unakwenda kufanya nini?", ni jumuiya ya shehena.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwa wenzangu: tuanzishe klabu ya pikipiki ya wanafunzi, ndogo, yenye kanuni za helmeti na za kutotembea usiku, wasichana na wavulana. Kwa walimu wetu: mnapoidhinisha timu ya mpira na kikundi cha ngoma, liidhinisheni na hili, na msitudai ripoti yenye faida saba za safari. Mkituona Jumamosi tunaelekea Kabuga bila abiria wala mzigo, mkatuuliza tunakwenda kufanya nini, tutawajibu kwa Kiswahili sanifu: tunakwenda kutembea.