BUNDUKI HAIAZIMISHWI, HATA KWA MURAMU



Mutu mumoja wa kampi yetu alikuwa na bunduki ya kuwinda, na kibali chake cha Leta kilikuwa sawasawa. Jumamosi moja muramu wake akafika, akasema: "Niazimishe bunduki siku mbili tu, nitafute nyama ya ndoa ya mutoto." Akamupa. Njiani, kwenye kizuizi, askari wakamushika muramu: bunduki iko mukononi, kibali hana. Leo wote wawili wanajibu mbele ya tribinali, na bunduki imechukuliwa. Kwenye kampi watu wanalia: "Kosa gani? Si ndugu yake?"

Mimi ni karani wa mugodi. Nasema bila kuficha: kosa liko. Nasema tena: kosa si la masikini peke yake.

Tuanze na kazi yetu wenyewe. Mwenye kushuka chini anapokea taa kwa namba yake. Ukimupa mwenzako taa yako, na mawe yakaanguka, sisi makarani tutamwita muke gani? Tutamulilia mutu anayelala nyumbani kwake, na yule aliye chini hakuna anayemutafuta. Baruti vilevile: inahesabiwa ikitoka, inahesabiwa ikirudi. Hakuna mupiga baruti mwenye akili anayemwazimisha jirani baruti akavue samaki. Basi kwa nini bunduki iwe kama jembe ao sufuria?

Wengine watajibu: "Hiyo ni sheria ya wazungu." Najua. Tarehe 2 Julai 1890, kule Brussels, wakubwa wa mataifa waliweka sahihi kwenye mukataba wa kupinga biashara ya watumwa. Ndani yake wakapiga mipaka: kutoka digri 20 kaskazini mpaka digri 22 kusini, bunduki za namna mupya zisiingie. Nchi yetu ya shaba iko ndani ya mipaka ile. Walioachiwa ni serikali kwa askari zao, wasafiri wenye barua ya serikali yao, na mutu wa kutoa dhamana ya kutosha kwamba bunduki yake hataitoa, hataiachilia, wala hataiuza kwa mutu mwingine. Kwa wengine ilibaki bunduki ya gumegume, nayo kwa ruhusa. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Desemba 1891, mufalme Msiri aliuawa kwa risasi kule Bunkeya na Kapiteni Bodson, mutu wa safari iliyotumwa kushika Katanga kwa ajili ya Leopold. Wale waliowanyima wengine bunduki hawakuacha zao Bulaya.

Lakini ndugu, mwizi akiweka mulango kwenye nyumba aliyoiba, mulango si mwizi. Mwenye nyumba akirudi hataung'oa, atabadilisha ufunguo. Tarehe 30 Juni 1960 nyumba ilirudi kwetu. Sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi haikutoka Brussels. Ilitoka Kinshasa, wakati nchi iliitwa Zaïre, nayo inataka kibali. Kibali kina jina. Jina lako halimufuniki muramu wako: akipokea bunduki bila kibali chake mwenyewe, ameishika bila kibali, hata kama ulimupa kwa mukono wako na kwa roho safi. Tena Kongo iliweka sahihi kwenye mukataba wa Nairobi wa tarehe 21 Aprili 2004, unaotaka raia wasishike bunduki za vita, na unaokataza kuweka bunduki rehani. Wewe unayeiacha kwa mwenye duka mpaka siku ya mushahara, sikia vizuri.

Sasa nigeuke upande wa pili. Nani anaazimisha bunduki kuliko mwindaji masikini? Ni mukubwa anayewagawia vijana bunduki usiku walinde machimbo yake, na asubuhi anasema: "Siwajui." Kijana anaingia gereza, mukubwa anaingia motokari. Na sheria yenyewe? Imeandikwa kwa Kifaransa, imelala kwenye kabati ya ofisi. Mufanyakazi anaijua siku anapofungwa pingu. Hiyo si sheria, ni mutego.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu:

1. Sheria ya bunduki iandikwe kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye kila kampi na kila soko.

2. Mwindaji anayeomba kibali ajibiwe kwa maandishi, na bei yake iandikwe ukutani, isiwe bei ya kunong'onezwa.

3. Anayeazimisha bunduki ahukumiwe kwa kipimo kimoja, awe anatembea kwa miguu ao anapanda motokari.

Mpaka siku hiyo, wewe mwenye bunduki, ifungie leo. Muramu akija, muende pamoja porini, na bunduki ibaki mukononi mwako. Ao umugawie nyama. Akikasirika, hasira itapoa. Risasi ikitoka hairudi, na hakuna hakimu anayeuliza kama mulipendana.

Karani wa mugodi