Safari za Angani: Dhamana ya Roho Haiuzwi

Ndugu msomaji, yako mabishano makubwa katika nchi zinazorusha watu angani, nayo yameanza kufika hata katika mabaraza yetu. Kundi moja lasema kwamba kumpeleka binadamu anga za juu ni kazi ya serikali peke yake, na kwamba mfanyabiashara akiingia humo ataiharibu kwa tamaa yake ya faida. Kundi la pili lasema kwamba serikali ni nzito na mbadhirifu, basi kazi hiyo waachiwe matajiri na makampuni yao. Kila kundi humcheka mwenzake. Sisi twasema kwamba makundi yote mawili yanagombania mwenye chombo, ilhali jambo kubwa ni jingine kabisa: chombo kinapotaka kuondoka na roho za watu ndani yake, ni nani mwenye uwezo wa kusema "hakiondoki", na akasikilizwa?

Hebu tuanze kwa kuwapa haki yao wanaowatetea matajiri, kwani kumdhulumu hasimu katika maneno nako ni dhuluma. Ni kweli kwamba Shuttle ya mwisho ilipotua Julai 2011, Marekani, pamoja na ukubwa wake wote, ilibaki bila chombo cha kumpandisha hata mtu mmoja, ikawa inanunua viti kwa Warusi. Ni kweli kwamba mwaka 2014 NASA, shirika la anga la serikali ya nchi hiyo, liliyapa kazi makampuni mawili: Boeing mkataba wa dola bilioni 4.2, na SpaceX wa dola bilioni 2.6. Ile iliyopewa kidogo ndiyo iliyotangulia. Tarehe 30 Mei 2020 chombo chake kiitwacho Dragon kiliruka na wanaanga wawili, kikawafikisha salama kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mkaguzi mkuu wa NASA mwenyewe alikadiria mwaka 2019 kwamba kiti kimoja cha Dragon ni kama dola milioni 55, na cha Boeing kama milioni 90. Mwaka 2022 akakadiria kwamba kila mruko wa roketi kubwa ya serikali, pamoja na chombo chake, katika safari nne za mwanzo za kurudi mwezini, utakula dola bilioni 4.1. Mwenye macho haambiwi tazama.

Lakini urahisi wa kiti ni habari ya mfuko wa aliyekinunua. Hautuambii lolote juu ya usalama wa aliyekikalia.

Ama wale wanaotuambia kwamba serikali ndiyo mlinzi mwaminifu wa roho za watu, hao nao wameisahau historia. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Challenger kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa watu saba, miongoni mwao mwalimu wa skuli, Christa McAuliffe. Usiku wa kuamkia siku hiyo, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza zile roketi za pembeni, walisema wazi kwamba baridi itaifanya migumu mipira ya kuzibia maungio, na kwamba chombo kisirushwe. Wakubwa wa NASA walichukizwa na ushauri huo. Wakubwa wa kampuni wakaenda kando, wakateta, wakarudi wakiwa wameigeuza kauli ya wahandisi wao wenyewe. Miaka 17 baadaye, tarehe 1 Februari 2003, Columbia ikateketea ikirudi ardhini, wakafa wengine saba. Kipande cha povu kilikuwa kimeligonga bawa wakati wa kuruka. Wahandisi waliomba bawa hilo lipigwe picha lingali angani, na wakubwa hawakuona haja. Tume iliyochunguza ilisema mwaka huo huo kwamba tabia za shirika lenyewe zilichangia ajali ile kama lilivyochangia lile povu.

Sasa tuwaulize wabishi wetu: katika ajali ya Challenger, mwenye makosa alikuwa serikali au biashara? Chombo kilikuwa cha serikali, na roketi zilitengenezwa na kampuni. Haraka ilikuwa ya serikali, na hofu ya kumuudhi mteja ilikuwa ya kampuni. Mhandisi alikuwapo, naye alisema kweli. Aliyekosekana ni mtu wa tatu, asiyetarajia sifa kutoka serikalini wala mkataba kutoka kwa kampuni, ambaye neno lake lingefunga njia.

Wala jambo hili halikuwa mbali na sisi Waislamu. Juni 1985, miezi saba tu kabla ya msiba huo, Sultan bin Salman wa Saudia alipanda Discovery, chombo ndugu yake Challenger, akawa Mwarabu wa kwanza kufika anga za juu. Roketi zilizompandisha zilikuwa na maungio ya namna ile ile, na mipira ya maungio hayo ilikwisha kuonekana imeliwa na moto katika safari ya Januari mwaka huo huo. Alirudi salama, na Mwenyezi Mungu ashukuriwe. Lakini kurudi salama si ushahidi kwamba chombo kilikuwa salama. Mlevi naye huvuka barabara akafika nyumbani.

Tena serikali hizo zinazosifiwa kwamba hazina tamaa, zenyewe zimekuwa zikichuuza. Mwaka 2001 Urusi ilimpandisha tajiri wa Kimarekani, Dennis Tito, kwa bei iliyotajwa kuwa dola milioni 20, na NASA ikiwa haikutaka. Mwaka 2007 Malaysia ilimpeleka mwananchi wake wa kwanza kwa chombo cha Kirusi, na kiti hicho kilikuja pamoja na ununuzi wa ndege za vita za Sukhoi. Basi asituambie mtu kwamba ukuta baina ya serikali na soko ni mrefu. Ukuta wenyewe una mlango, na mlango huo haufungwi usiku wala mchana.

Sasa twaja kwenye kiini cha maneno yetu. Mwaka 2004 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya safari za angani za kibiashara. Idara inayosimamia usafiri wa ndege nchini humo iliachiwa kuwalinda watu walio chini ardhini, lakini ilikatazwa kuweka kanuni za usalama wa abiria waliomo ndani ya chombo, isipokuwa pale ambapo jambo fulani limekwisha kuua, kujeruhi vibaya au kukaribia kufanya hivyo. Katazo hilo lilikuwa liishe mwaka 2012. Likaongezwa muda, likaongezwa tena na tena, na mara ya mwisho, mwaka 2024, likasogezwa mpaka mwanzo wa 2028. Na abiria anafanyiwa nini? Huarifiwa kwa maandishi kwamba serikali haikukithibitisha chombo hiki kuwa ni salama, kisha hutia saini kwamba amefahamu.

Ndugu msomaji, izingatie karatasi hiyo. Kumwambia mtu kwamba hukumkagulia chombo hakukuondolei wajibu wa kukikagua. Huyo abiria ataujuaje ugumu wa mpira wa kuzibia, au unene wa chuma, au kosa lililomo ndani ya kompyuta? Hata mchuuzi wa nguo, akijua kwamba doti ina tobo, hana ruhusa ya kuikunja tobo likaelekea ndani, akajitetea kwamba mnunuzi aliridhika. Ridhaa ni ya mtu anayejua anachokiridhia.

Matokeo yake yalikwisha kuonekana. Tarehe 31 Oktoba 2014 chombo cha SpaceShipTwo kilichanika hewani katika safari ya majaribio huko California, rubani mmoja akafa na mwenzake akajeruhiwa vibaya. Rubani alikuwa amekifungua mapema kifungo cha mkia. Bodi ya uchunguzi ilisema mwaka 2015 kwamba kampuni iliyokiunda haikufikiria wala kujikinga na uwezekano wa kosa moja tu la mtu kukiangamiza chombo kizima. Na idara ya serikali ilikuwa imeisamehe kampuni hiyo baadhi ya masharti ya uchambuzi wa makosa kama hayo. Tajiri alizembea, na bawabu alikuwa amemfungulia mlango.

Sisi watu wa pwani na wa bara hatuhitaji kwenda Marekani ili kulifahamu hili. Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku baina ya Unguja na Pemba. Ya kwanza ilikuwa mali ya shirika la umma, na ya pili mali ya watu binafsi. Zote mbili zilipakia kupita kiasi, na zote mbili zilikwenda chini na mamia ya roho. Mjane hakuuliza hati ya meli ilikuwa na jina la nani. Aliuliza: pale gatini palikuwa na nani, na kwa nini aliiachia ing'oe nanga?

Kinyume chake, tazama lililotokea mwaka 2024. Tarehe 5 Juni chombo cha Starliner cha Boeing kiliwapandisha Butch Wilmore na Suni Williams kwa safari ya kama siku nane. Gesi ya heliamu ikavuja, na baadhi ya injini ndogo za kukisukumia zikazimika. Boeing ilisema kwamba chombo chake chaweza kuwarudisha watu. NASA ikasikiliza, ikapima, kisha Agosti ikasema hapana. Chombo kikarudi kitupu Septemba, na wale wawili wakangoja mpaka Machi 2025, wakarejea kwa Dragon.

Wako wanaosema kwamba uamuzi huo ulikuwa woga, kwa kuwa Starliner ilitua salama jangwani. Twawajibu kama tulivyokwisha kusema: kufika si ushahidi. NASA haikujua kwamba chombo kitafika, na asiyejua hana haki ya kuzicheza roho za watu wawili ili tajiri asione haya. Watu wa Challenger walinyimwa neno hilo moja, "hapana". Angalia pia kwamba aliyewarudisha ni kampuni nyingine ya wafanyabiashara. Kwa hiyo hatumkatai mfanyabiashara. Na aunde, na auze, na apate faida yake ya halali. Tunachokataa ni yeye mwenyewe awe muuzaji na mpimaji wa mizani.

Watasema tena: "Abiria hawa ni matajiri, na maisha ni yao, waacheni." La hasha! Mei 2023 Rayyanah Barnawi na Ali AlQarni, vijana wa Saudia, walipanda Dragon katika safari iliyopangwa na kampuni ya Axiom. Hao hawakuwa mabilionea wa kustarehe. Walitumwa na nchi yao. Safari yao ilikwenda kwenye kituo cha serikali, na kwa chombo ambacho NASA ilikwisha kukipima kwa ajili ya watu wake. Lakini kituo hicho kimepangwa kustaafishwa karibu na mwaka 2030, na makampuni yanajitayarisha kujenga vituo vyao. Siku kituo, chombo na tiketi vitakapokuwa vyote vya mfanyabiashara mmoja, mtoto wa watu atakayetumwa huko atakaguliwa na nani?

Watasema: "Biashara hii ni changa, kanuni zitaiua." Biashara ya ndege nayo ilikuwa changa mwaka 1926, Marekani ilipoanza kwa sheria kuwapa marubani leseni na kuzithibitisha ndege, na wenye ndege wenyewe waliitaka sheria hiyo, kwani abiria mwenye hofu hanunui tiketi. Je, iliwaua? Na tangu 2004 mpaka 2028 ni miaka 24. Mtu wa umri huo haitwi mtoto mchanga. Huyo kwa kawaida amekwisha kuoa.

Watasema mwishowe: "Serikali nayo ina maslahi yake." Naam, hapo wamesema kweli, na ndiyo sababu hatusemi mkaguzi awe NASA. Desemba 2025 Jared Isaacman, tajiri aliyegharimia na kuongoza safari mbili za binafsi kwa vyombo vya SpaceX, mwaka 2021 na 2024, aliidhinishwa na Seneti kuwa mkuu wa NASA. Hatumtuhumu kwa lolote, na huenda akawa hodari wa kazi. Twasema tu kwamba kiti ambacho mteja wa jana aweza kukikalia leo hakifai kuwa kiti cha kadhi.

Basi haki ni hii: chombo na kiwe cha yeyote, lakini kila chombo kinachobeba binadamu kipimwe na chombo cha umma kisichorusha roketi wala kuuza kiti, mhandisi anayesema "kisiruke" alindwe asifukuzwe kazi, na katazo lile lisiongezwe tena muda litakapofika mwisho wake. Na zile serikali za Kiislamu zinazonunua viti kwa fahari ya bendera zao, kabla ya kuuliza bei, ziulize kwanza: nani amekikagua, na je, alikuwa na uwezo wa kukizuia? Jibu likiwa ni karatasi ya kutia saini, kijana na abaki nyumbani kwao. Bendera itangoja.