Si Kila Mtoto Asiyeitika ni Mkaidi

“Sikio la kufa halisikii dawa,” husema mwalimu anapomwona mwanafunzi aitwaye mara tatu bila kuitika. Methali hiyo ina hekima yake, lakini darasani huenda ikamdhulumu mtoto. Wako watoto wasiosikia vyema kwa sababu nyuma ya kiwambo cha sikio mmetuama majimaji, mara nyingi baada ya mafua, bila maumivu wala homa ya kumzindua mzazi.

Nikiwa mwanaisimu, nalitazama tatizo hili kwa upande wa sauti. Majimaji hayo hupunguza usikivu kwa wastani wa takriban desibeli 25. Vokali zenye nguvu hupenya, ilhali konsonanti dhaifu kama s, f, t na k hufifia. Nasi twajua kwamba katika Kiswahili konsonanti moja tu hutenganisha “fika” na “shika”, na umoja wa “kiti” na wingi wa “viti”. Mtoto huyo akikosea imla, twamwita mzembe kwa haki gani?

Je, kila mtoto wa aina hii atiwe mirija masikioni? La, hasha! Mara nyingi majimaji hutoweka yenyewe katika muda wa miezi 3. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani, uliorekebishwa mwaka wa 2022, washauri kungoja muda huo kwa uangalizi, bila viuavijasumu. Mirija hufaa majimaji yakidumu miezi 3 au zaidi katika masikio yote mawili, na kipimo kikathibitisha kuwa usikivu umepungua. Mtoto mwenye kaakaa lililopasuka au aliyechelewa kusema huenda akahitaji kuhudumiwa mapema zaidi.

Upasuaji wenyewe ni mfupi: kiwambo hutobolewa, majimaji hufyonzwa, na mrija mdogo hupachikwa ili hewa ipite. Kwa kawaida mrija hudondoka wenyewe baada ya miezi 6 hadi 18. Hata hivyo, mtoto hutiwa dawa ya usingizi, na wachache hubaki na tundu. Ndiyo maana pupa haifai.

Mwalimu asijifanye daktari. Lakini yeye ndiye akaaye na mtoto kutwa. Amketishe mbele, amwelekee anaposema, na awahimize wazazi wampeleke kupimwa usikivu. Wizara ya Elimu nayo ihakikishe kwamba vifaa vya upimaji vinapatikana karibu na shule. Twawezaje kulalamikia alama za lugha, ilhali lugha yenyewe haijamfikia mtoto?