Bei ya Fulana za Mei Mosi



Sikukuu ya wafanyakazi haiji kwa ghafula. Tarehe yake yajulikana dunia nzima, na ilichaguliwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Marekani waliogoma tarehe 1 Mei 1886 wakidai saa nane za kazi kwa siku. Lakini huku kwetu Nyeri matawi ya vyama hukumbuka fulana juma la mwisho la Aprili. Hapo mtu hutumwa mjini mbio mbio, akaingia duka hili na lile akiuliza, "Fulana mia nne mtatupigia chapa kwa bei gani?" Na atajaye bei ya chini kupita wote ndiye apewaye kazi.

Sisi twasema mtindo huu haufai, na kwa chama cha wafanyakazi ni aibu.

Maduka haya ya kupiga chapa, ya Nyeri mjini, Karatina na Nanyuki, mengi ni madogo. Yuko mwenye duka, pengine na mkewe, na vijana wawili au watatu wa kibarua. Vijana hao ni watoto wetu. Basi na tuchukue kalamu tuone pesa zaenda wapi. Tarakimu hizi ni za mfano, bei hupanda na kushuka, lakini njia ya hesabu ndiyo hii.

Fulana tupu tuseme ni shilingi 280. Fulana 400 ni shilingi 112,000. Fundi mwenye akili huongeza 12 za akiba, maana katika kila mia zitaharibika mbili tatu, wino ukimwagika au picha ikikaa upande. Hizo ni 3,360. Alama yetu ina rangi tatu, na kila rangi yataka fremu yake ya wavu. Fremu tatu kwa 1,500 ni 4,500. Wino na dawa 8,000. Kuleta mzigo kutoka Nairobi 3,000. Sehemu ya kodi ya nyumba na stima 5,000. Vijana wawili, siku tano, kwa shilingi 1,200 kila mmoja kwa siku, ni 12,000. Jumla ni shilingi 147,860. Gawanya kwa 400 utapata karibu shilingi 370 kwa fulana moja, na mwenye duka bado hajapata hata senti ya faida.

Sasa tawi likisema, "Jirani yako atupa kwa 350, na wewe je?" naye akakubali kwa kuogopa kukosa kazi, atapokea 140,000. Zapungua 7,860. Zitatoka wapi? Muuza fulana wa Nairobi hapunguzi, amekwisha lipwa. Stima haipunguzi. Mwenye nyumba ndiyo kabisa hapunguzi. Imebaki ile 12,000 ya vijana, na humo ndimo zitakamotoka. Watakesha siku tatu badala ya kufanya kazi siku tano, bila malipo ya saa za ziada, wakiambiwa wangoje mwisho wa mwezi. Nasi tutaandamana tumevaa maneno ya haki ya mfanyakazi vifuani.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa kila mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Haikusema isipokuwa wapiga chapa.

Wako wenzetu wanaofikiri kwamba mzigo ukiwa mkubwa bei lazima ianguke nusu. Kweli huanguka, lakini kwa sababu moja hasa: kazi ya kutayarisha fremu ni ile ile, ukipiga fulana 50 au 400. Kwa fulana 50, zile 4,500 ni shilingi 90 kila moja. Kwa 400 ni shilingi 11 na robo. Hapo umeokoa sana. Lakini ukipanda kutoka 400 hadi 800 utaokoa shilingi tano na senti tu, maana kila fulana bado yataka kitambaa chake, wino wake, na mkono wa mtu kuusukuma ule wino mara tatu. Mkono hauna bei ya jumla.

Wengine watasema pesa za chama ni jasho la wanachama, haziwezi kutupwa. Neno hilo ni la haki, na jibu lake liko katika kazi yenyewe. Tuchague rangi moja badala ya tatu, wino upite mara 400 badala ya 1,200, na fremu iwe moja. Tuchague fulana nyeupe au ya rangi hafifu, kwa sababu nyeusi hutaka kwanza kupakwa wino mweupe chini ili rangi ionekane. Hiyo ndiyo nafuu isiyomwibia mtu.

Halafu kuna mvua. Aprili ndiyo masika yetu huku chini ya Mlima Kenya, na wino wa maji haukauki upesi katika baridi na unyevu. Duka lenye mashine ya joto litaweza, lakini stima ikikatika wote wamekwama. Sisi wa reli twajua kwamba gari haliondoki kwa sababu abiria ana haraka.

Wenye maduka nao tuna neno nao. Wengi wao huandika ujira mwisho, kwa masalio. Uandikwe pale juu, karibu na bei ya fulana. Na wasikubali kazi bila arubuni. Kwa mfano wetu, fulana ikiwa shilingi 430, jumla ni 172,000, na asilimia 70 yake ni 120,400. Hizo zatosha kununua fulana zote pamoja na akiba na fremu, bila kukopa kwa simu na kulipa riba.

Basi twaliletea tawi shauri hili. Orodha ya vipimo vya fulana ifungwe tarehe 15 Machi, na atakayenenepa baada ya hapo avumilie. Arubuni ilipwe kabla ya mwisho wa Machi. Fulana zihesabiwe na kukaguliwa tarehe 20 Aprili, na pesa zilizobaki zilipwe siku hiyo hiyo. Kila duka litakalotuletea bei lituandikie pia vijana ni wangapi, siku ngapi, na kwa ujira gani. Atakayeipinga hesabu hii na aje mkutanoni na kalamu yake.