Picha Dhahania: Je, Ardhi Imepotea?

Wapo wanaoshikilia kwamba picha ya kamera haina budi kuonyesha kitu kinachotambulika: mlima uwe mlima, mji uwe mji. Kwa mtazamo huo, picha dhahania za rangi ni pambo tupu lisilo na maudhui. Kazi za Mwitaliano Franco Fontana, aliyezaliwa mjini Modena mwaka wa 1933, zinadhihirisha udhaifu wa dai hilo.

Fontana alianza kupiga picha mwaka wa 1961, wakati ambapo picha nyeusi na nyeupe ndizo zilizotukuzwa kuwa sanaa, nazo za rangi zikiachiwa matangazo ya biashara na kumbukumbu za likizo. Yeye alichagua rangi. Katika mashamba ya Puglia na Basilicata, kusini mwa Italia, alitumia lenzi inayovuta vitu vya mbali, hata bonde na kilima cha nyuma yake vikaonekana kulala kwenye ukuta mmoja. Kinachobaki ni ukanda wa manjano, ukanda wa kijani na anga la samawati. Vivyo hivyo mijini: huko Houston na Los Angeles, nchini Marekani, jengo zima lilipunguzwa likawa pembe ya ukuta na kivuli chake.

Hapa ndipo pingamizi zito linapozuka. Basilicata ni eneo ambalo umaskini uliwasukuma maelfu ya wakulima kuhamia ng'ambo. Je, si dhuluma kuligeuza jasho lao kuwa milia ya kupendeza? Swali hili ni halali, ila linasahau kwamba milia ile haikuchorwa na mpigapicha. Mpaka kati ya manjano na kijani uliwekwa na aliyelima na kupanda. Ikiwa dalili ya mvua ni mawingu, dalili ya mkulima ni mpaka wa shamba. Hayumo pichani, lakini mwandiko wake umo.

Hali ni tofauti katika Rhein II, picha ya Mjerumani Andreas Gursky ya mwaka wa 1999, iliyouzwa mwaka wa 2011 kwa zaidi ya dola milioni 4.3. Gursky alifuta majengo na wapita njia kwa kompyuta hadi mto ukabaki peke yake kati ya kanda za nyasi. Fontana aliteua, Gursky alifuta. Uteuzi hufungwa na kilichokuwapo mbele ya kamera, ilhali ufutaji hufungwa na nia ya msanii pekee. Zote mbili ni sanaa, lakini hazistahili kuhakikiwa kwa kipimo kimoja.

Tofauti hii inamfaa pia mhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi huwatatiza wasomaji waliozoea uhalisia, nao huishia kuuliza, "Hapa ni wapi?" Swali lenye tija zaidi ni hili: ni nini kilichoachwa nje, na kimeacha alama gani ndani?